Mto Yordani na bahari inayoukimbia

Wasomaji wapenzi, ni nani kati yetu asiyelijua jina la mto Yordani? Tumelisikia tangu siku za katekisimu. Wana wa Israeli waliuvuka pasipo kulowa miguu, walipoingia katika Nchi ya Ahadi. Naamani, mkuu wa majeshi ya Siria, alijichovya humo mara saba, na ukoma wake ukatakasika. Humo Yoane Mbatizaji alimbatiza Bwana wetu Yezu Kristu. Kwa hiyo kila mmoja wetu alisikiapo jina hilo huona moyoni mto mkubwa, kama Ruzizi wakati wa masika, wenye maji mengi yaendayo kwa kishindo.

Sisi nasi tulidhani hivyo, hata siku moja ya mwezi wa Oktoba mwaka 2018, tulipofika ukingoni mwake pamoja na kundi la mahujaji, si mbali na mji wa Yeriko. Je, tuliona nini? Tuliona maji ya rangi ya udongo, yakienda polepole kati ya matete, na upana wake ni hatua chache tu. Ng'ambo, katika nchi ya Yordani, mahujaji wengine walikuwa wakiimba. Tuliweza kuziona nyuso zao na kuyasikia maneno yao. Katikati ya mto palinyoshwa kamba juu ya maji: ndio mpaka wa nchi mbili.

Katika kundi letu alikuwamo mzee mmoja wa pande za Uvira, mvuvi tangu utoto wake, ambaye wakristu wa parokia yake walimchangia nauli. Alichovya vidole majini, akafanya ishara ya msalaba, akakaa kimya kitambo. Halafu akamwuliza kiongozi wetu, kijana mkristu wa Betlehemu, na padri akafasiri maneno yake kwa Kifaransa: «Mwanangu, maji mengine yamekwenda wapi?»

Kijana akajibu kwa heshima: «Baba, swali lako ni kubwa. Twende kwanza tukaione bahari. Ukiisha kuiona, utaelewa habari za mto.»

JIWE LENYE ALAMA

Mto Yordani hauendi kwenye bahari kuu. Unatoka chini ya mlima Hermoni, unapita katika ziwa la Tiberiade, ambamo mitume walivua samaki, kisha unashuka kusini katika bonde refu lenye joto kali, hata kuingia katika ziwa lisilo na njia ya kutokea. Waarabu na Wazungu huliita Bahari ya Mauti, na Maandiko Matakatifu huliita Bahari ya Chumvi. Ni mahali palipo chini kuliko pote duniani katika nchi kavu. Ziwa la Tiberiade lenyewe liko meta 210 hivi chini ya usawa wa bahari kuu. Bahari ya Chumvi, tulipoitembelea, ilikuwa imepita meta 430 chini ya usawa huo.

Maji yakiisha kuingia humo, hayatoki ila kwa kugeuka mvuke juani. Mvuke hupanda, chumvi hubaki. Ndiyo sababu karibu theluthi ya uzito wa maji hayo ni chumvi, yaani mara kumi hivi kuliko chumvi ya bahari kuu. Samaki haishi humo. Katika mji wa Madaba, ng'ambo ya Yordani, liko kanisa lenye ramani ya Nchi Takatifu iliyofanywa sakafuni kwa vijiwe vya rangi, kazi ya karne ya 6. Katika ramani hiyo mafundi wa kale walionyesha samaki akishuka na mto Yordani, na mwingine akigeuza kichwa na kurudi juu kwa kuikimbia ile chumvi. Mzee wetu aliposimuliwa habari hizo alicheka, akasema: «Samaki huyo ana akili kuliko watu wengi.»

Katika njia ya kwenda kusini, ufuoni kwa upande wa magharibi, kiongozi alituonyesha mwamba juu ya barabara. Mwanzoni mwa karne ya 20, wachunguzi wa chama kimoja cha Kiingereza walichora alama katika mwamba huo. Walikuwa wakifika kwa mashua mpaka chini yake, wakipima maji yalikuwa umbali gani na ile alama. Sisi tulisimama barabarani tukatazama juu kuiona alama, kisha tukageuka kuitafuta bahari. Ilikuwa mbali sana chini, inang'aa kama bati. Mahali ambapo zamani mashua zilielea, leo magari hupita, na kutoka hapo kuna mteremko mrefu wa udongo mtupu. Tangu alama ile ichorwe, maji yameshuka zaidi ya meta 40. Na katika miaka yetu hii yanashuka zaidi ya meta moja kila mwaka. Mtoto aliyezaliwa siku ile tuliyokuwa huko, atakapopokea Komunyo ya kwanza, bahari itakuwa imeshuka kimo cha nyumba ya orofa mbili na zaidi.

Miaka mia iliyopita bahari hiyo ilikuwa na urefu wa kilometa 80 hivi. Leo imebaki karibu 50. Sehemu yake ya kusini, iliyokuwa na maji machache, ilikauka katika miaka ya 1970. Yaliyomo humo leo ni mabwawa ya viwanda, ambamo maji ya chumvi hupampiwa ili yakauke juani, watu wapate potasi ya kurutubisha mashamba.

NANI AMEYACHUKUA MAJI?

Hapa jibu la swali la kwanza la mzee wetu. Zamani Yordani ulileta baharini maji ya kiasi cha meta kyubiki milioni 1300 kila mwaka. Leo haufikishi hata sehemu moja ya kumi. Mwaka 1932 ulijengwa ukuta kwenye mdomo wa ziwa la Tiberiade. Katika mwaka 1964 nchi ya Israeli ilifungua njia kubwa ya mabomba na mifereji, ipelekayo maji ya ziwa hilo mpaka miji na mashamba ya mbali. Nchi ya Yordani nayo, katika miaka hiyohiyo, ilichimba mfereji wa kuchukua maji ya Yarmuki, ulio mkono mkubwa kuliko yote ya mto huo. Siria ikajenga mabwawa yake juu zaidi. Kila taifa lilikuwa na watu wake wenye kiu na watoto wake wa kulisha. Hakuna aliyeamka asubuhi akasema: «Leo nitaikausha Bahari ya Chumvi.» Kila mmoja alichota fungu lake, na jumla ya mafungu ilikuwa mto mzima.

Tusifanye haraka kuwahukumu. Ng'ombe mmoja akinywa mtoni, mto haupungui. Lakini kila kijiji kikileta kundi lake bila kupatana na jirani, nani atakayeona siku ya kwanza ya upungufu?

SWALI LA PILI

Mzee wetu alisikiliza yote, kisha akauliza tena: «Nimeelewa ya kwamba mto umepungua na bahari imeshuka. Lakini je, mito yenyewe imefanya nini? Kwetu ziwa likishuka hata dhiraa mbili, midomo ya mito yote hubadilika. Hapa je, bahari iliposhuka kuliko minazi?»

Wasomaji wapenzi, swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Na ninyi wanafunzi mnaweza kulijibu wenyewe uani kwenu. Siku ya mvua, chimbeni shimo dogo mwishoni mwa kijito cha maji ya paa. Maji yatalijaza shimo, na kijito kitatulia. Sasa ongezeni kina cha shimo ghafula. Tazameni vizuri. Kijito hakitachimba mara moja kote. Kitaanza kuchimba ukingoni kabisa, pale maji yanapoangukia shimoni. Patatokea poromoko dogo. Poromoko hilo halitakaa mahali pamoja: litarudi nyuma, likipanda kuelekea paa, chembe kwa chembe, na nyuma yake litaacha mfereji wenye kuta zilizosimama. Baada ya saa moja mtaona kijito kimechimbika mpaka mahali ambapo hamkugusa kwa jembe.

Mito ya Mungu hufuata sheria hiyohiyo. Ziwa ni kama kizingiti cha mwisho cha mto: mto hauwezi kujichimba chini kuliko kizingiti chake, wala hauna haja ya kubaki juu yake. Kizingiti kikiteremshwa, mto hutafuta mteremko mpya. Lakini mito yote haifanyi namna moja. Yote hutegemea sakafu ya ziwa iliyofunuliwa.

Kama sakafu hiyo ina mteremko mkali kuliko mteremko wa mto, basi maji yatakwenda kwa nguvu kuliko zamani, na mto utachimba. Kama mteremko wake ni sawa na ule wa mto, mto utajirefusha tu juu ya sakafu mpya, kama mtu anayeendelea na safari katika njia ileile. Na kama sakafu ni ya tambarare kuliko mto, maji yatachoka njiani, yatatua mchanga na matope, na mto utajaza badala ya kuchimba. Kwa hiyo ziwa moja likishuka, mito yake miwili iliyo jirani yaweza kufanya kazi zilizo kinyume.

Iko na njia nyingine. Mto ukiona mteremko umezidi, waweza kujikunja. Wale waliopita barabara ya Ngomo, kati ya Kamanyola na Bukavu, wanajua maana yake: barabara haipandi mlima kwa kunyoka, bali hujizungushazungusha, ili njia iwe ndefu na mwinuko upungue. Mto nao hufanya hivyo ukishuka. Na Yordani ni fundi wa kazi hiyo tangu kale. Kutoka Tiberiade mpaka Bahari ya Chumvi ni kilometa 105 hivi kwa ndege arukaye, lakini mto wenyewe hutembea zaidi ya 200. Mwaka 1848 wanamaji wa Marekani, wakiongozwa na luteni Lynch, waliteremka humo kwa mashua za chuma kwa muda wa siku nane hivi, wakizunguka kona baada ya kona.

TULIYOYAONA KWA MACHO

Upande wa magharibi wa Bahari ya Chumvi milima ya jangwa la Yudea inakaribia ufuo, na sakafu ya bahari ina mteremko mkali. Mito ya huko haina maji siku zote. Mwaka mzima ni makorongo makavu, halafu ikinyesha mvua milimani, maji huja ghafula kwa ngurumo, yakisukuma mawe makubwa. Tulisimama juu ya daraja moja tukachungulia. Zamani korongo lilipofika ufuoni lilitandaza mawe yake kama unyayo wa bata, likaingia baharini kwa upole. Sasa katikati ya mawe yale pamepasuliwa mfereji wa kina kirefu, wenye kuta wima, na mawe yaliyotuliwa miaka elfu yamechukuliwa upya kupelekwa chini. Kila gharika huongeza kazi. Tuliona ngazi katika ukuta wa korongo, moja juu ya nyingine. Kila ngazi ilikuwa zamani sakafu ya mto, na chini ya kila moja ni miaka ambayo bahari iliendelea kushuka.

Mahali penye matope laini, mchimbo hupanda upesi zaidi kuliko penye mawe. Poromoko linalorudi nyuma haliulizi kama njiani pana shamba au barabara. Likifika kwenye daraja, hufukua misingi yake. Madaraja ya barabara ile yameharibiwa kwa namna hiyo, ikawapasa wenye nchi kuyaimarisha au kuyajenga upya kwa gharama kubwa.

Na Yordani je? Mahali penyewe unapoingia baharini hatukuweza kufika, kwa kuwa ni mpaka wa nchi mbili, na katika vita vya zamani palitegwa mabomu ya ardhini. Lakini wataalamu waliolinganisha ramani za kale na picha zilizopigwa kutoka angani wameona mambo matatu. Mto umerefuka, ukiifuata bahari inayoukimbia. Umejichimbia chini karibu na mdomo wake. Na kwa kuwa maji yake yamepungua, umekuwa mwembamba, na matete yamesogea kutwaa mahali pa maji. Mto wenye nguvu zake za zamani ungalichimba zaidi sana. Mto mnyonge huweza kupokea mteremko mkubwa na bado usiwe na nguvu ya kuutumia.

MAJI YALIYO CHINI YA ARDHI

Iko na mito isiyoonekana. Chini ya ardhi maji matamu ya milima ya Yudea nayo hushuka kuelekea bahari. Bahari iliposhuka, maji hayo pia yaliifuata. Lakini chini ya ufuo ule, tangu kale, limefukiwa tabaka nene la chumvi. Zamani lilikuwa limelowa maji ya chumvi, nayo hayakuweza kuliyeyusha. Sasa maji matamu yanalifikia, yanaliyeyusha kama sukari katika chai, na kuacha mapango. Halafu siku moja, pasipo kumwonya mtu, paa la pango huanguka, na shimo hufunguka usoni pa nchi.

Mashimo hayo yalianza kuonekana katika miaka ya 1980. Leo yamepita 6000. Karibu na Eni-Gedi, mahali ambapo Daudi alijificha mbele ya Sauli, tuliona mitende imesimama mikavu, kwa sababu wakulima walikatazwa kuingia shambani wasije wakamezwa. Fuko za kuogelea za pande hizo zilifungwa mwaka 2015. Barabara zimehamishwa. Tuliona nyumba zilizoachwa, milango wazi, na mbele yake shimo lenye maji ya rangi ya damu ya mzee.

Mzee wetu akasema polepole: «Basi waliochota maji huko juu hawakujua kwamba shimo litakuja kufunguka hapa.» Kiongozi akamjibu: «Baba, na wengi hawajui hata leo.»

MTO ULIOZALIWA NA ZIWA LINALOPUNGUA

Tusidhani lakini kwamba bahari hiyo haijapata kushuka kabla ya siku zetu. Ukisimama juu ya Yeriko unaona vilima vyeupe vya chokaa na udongo, vimekatwakatwa kama mkate. Hiyo ilikuwa sakafu ya ziwa kubwa sana la zamani, ambalo wataalamu huliita Lisani, yaani «ulimi» kwa Kiarabu. Maelfu ya miaka kabla ya Abrahamu, lilifunika bonde lote mpaka Tiberiade. Kisha mvua zilipungua na ziwa likajikunja kuelekea kusini. Ndipo Yordani ulipoanza kutembea juu ya sakafu iliyofunuliwa na kujichimbia ndani yake. Wenyeji hutofautisha hata leo: bonde pana la juu huliita Ghori, na bonde jembamba lililochimbwa ndani yake, lenye vichaka na matete, huliita Zori. Kwa hiyo Yordani tunaoujua katika Maandiko Matakatifu ni mtoto wa ziwa lililopungua.

Je, tofauti ni ipi? Kazi iliyofanywa zamani kwa maelfu ya miaka, sasa inafanywa mbele ya macho ya mtu mmoja. Mto ukipewa muda, hupatana na ziwa lake. Ziwa likishuka kila mwaka bila kusimama, mto hauwezi kamwe kumaliza kazi yake. Kabla ya kupata mteremko uliotulia, kizingiti kimekwisha kuteremshwa tena.

NA SISI WA TANGANYIKA

Jioni ile, hotelini Betlehemu, tulizungumza habari za kwetu. Maana bonde la Yordani na mabonde ya maziwa yetu yamehesabiwa na wengi kuwa jamaa moja, yaani nchi iliyopasuka tangu Siria hata kusini ya Afrika.

Mababu zetu waliona ziwa Tanganyika likishuka. Cameron alipofika Lukuga mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876, walikuta mlango huo umezibwa na mimea na mchanga. Ziwa lilikuwa limejaa. Mwaka 1878 hivi maji yalibomoa kizuizi, yakatoka kwa nguvu kuelekea mto Kongo. Mapadri Weupe wa kwanza walipofika mwambaoni mwaka 1879, ziwa lilikuwa linashuka tayari. Katika miaka kumi na mitano hivi liliteremka karibu meta 10. Mahali pa Ujiji ambapo Livingstone na Stanley walikutana mwaka 1871 hapako tena kando ya maji. Nako chini ya ziwa letu, vyombo vya kupimia vimeonyesha athari za mito ya kale, iliyochimba njia zake siku ambazo ziwa lilikuwa chini sana kuliko leo.

Lakini ziwa letu lina mlango, na tena linajua kurudi. Baada ya safari yetu, mwaka 2021 na tena mwaka 2024, Tanganyika ilipanda hata ikaingia katika nyumba za Kalemie, Uvira na Bujumbura. Hapo mito ilifanya kinyume cha ile ya Yudea. Kizingiti kilipopandishwa, Ruzizi ulikosa mahali pa kumwaga maji yake upesi. Ulitulia, ukatua matope, ukatapakaa mashambani, na watu wa Gatumba walilala nje. Wengi walikuwa wamejenga mahali palipoachwa na maji, wakidhani ziwa limewapa. Wazee walijua tangu zamani: nchi iliyoachwa na ziwa ni azima, si zawadi. Mwenyewe huja siku moja kuidai.

FUNDISHO

Basi, wasomaji wapenzi, tumejifunza nini? Tumezoea kusema kwamba anayekaa juu ya mto humdhuru anayekaa chini yake. Ni kweli. Lakini Bahari ya Chumvi inatufundisha na neno la pili, ambalo wengi hawalijui: madhara ya chini hurudi kupanda juu. Maji yalichukuliwa juu, bahari ikashuka chini. Kisha poromoko likaanza ufuoni na kuyapanda makorongo, likivunja madaraja ya walewale waliochota. Katika bonde moja hakuna wa juu na wa chini wasiohusiana. Wote ni nyumba moja.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alikumbusha kwamba maji safi ya kunywa ni haki ya kila mtu, wala si mali ya mwenye nguvu. Katika nchi ya Yordani na Israeli na Palestina, kiu ni neno la siasa na la vita. Hata hivyo dalili njema hazikosekani: tangu mwaka 2013 maji kidogo ya Tiberiade yameanza kuachiliwa tena yaingie Yordani. Ni machache. Shauri jingine la kuleta maji kutoka Bahari ya Shamu lilitiwa sahihi mwaka huohuo 2013, lakini halikutimizwa. Bahari inaendelea kushuka.

Nasi huku, Ruzizi ni wa mataifa matatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Leo una mitambo ya umeme, mashamba ya mpunga, na watu wengi kingoni. Hatujafika mahali pa Yordani, na tumshukuru Mungu. Ndiyo sababu huu ndio wakati wa kupatana, wala si siku ambayo kila mmoja atakuwa amekwisha kuzoea fungu lake. Na mambo madogo yako mikononi mwetu sote: tusikate miti ya kingo za mito, tusilime mpaka ukingoni, tusijenge mahali ambapo wazee walipapajua kuwa pa ziwa. Walimu na wafanye lile jaribio la shimo pamoja na watoto. Saa moja ya uani itawafundisha zaidi kuliko kurasa nyingi.

Usiku ule, kabla ya kulala, padri alitusomea maono ya nabii Ezekieli. Nabii aliona maji yakitoka chini ya kizingiti cha Hekalu, yakienda upande wa mashariki, yakizidi kina kila alipopima, hata yakaingia katika ile bahari ya chumvi na kuiponya. Na ufuoni, tangu Eni-Gedi, wavuvi walisimama wakianika nyavu zao.

Mzee wetu alikuwa amefumba macho, tukadhani amelala. Kumbe alikuwa akisikiliza. Akasema: «Padri, soma tena pale penye wavuvi.» Padri akasoma tena. Mzee akainua kichwa, akatuuliza sisi sote: «Je, mmesikia? Maji yale yalipita katikati ya nchi, yakazidi kuwa mengi. Maana yake njiani hakuna aliyeyazuia.»

Tangu siku ile, kila tunapovuka Ruzizi, tunakumbuka neno hilo.